Tawi Nililolitupa Kwenye Njia Panda

Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwa miguu yangu na macho yangu, na sikuwa na homa wala sikuwa nimekunywa kitu. Najua wenye visa kama hiki wote huanza hivyo. Lakini mimi nina sababu yangu ya kusema kweli: yote yalitokana na uongo mmoja mdogo nilioutoa mdomoni mwangu, na sina hamu ya kuongeza wa pili.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikivaa basketi, viatu vyangu vya mbio, kamba ya kushoto ikibana kuliko ya kuume, nazifungua zote mbili naanza upya. Kukimbia kwenye vilima sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za telefone, na kwa kuanguka. Wenzangu wa kilabu yetu ya mtaa hapa Bunia wananiita Metre, kwa sababu kila njia naipima, naandika kwenye kaye, daftari langu, kila mzizi, kila jiwe, kila mahali maji yanapokata njia. Wanacheka. Nami nacheka nao, halafu usiku naamka kuhakikisha niliandika vizuri.

Njia ninayoisema iko upande wa barabara ya Kasenyi, pale ardhi inapoanza kujikunja kabla ya kuporomoka kuelekea ziwani. Unashuka kwenye pikipiki, unapita mashamba ya mihogo, kisha miti inakufunika kichwa. Ndani ya msitu njia inagawanyika. Ya kuume inazunguka kilima na kurudi shambani. Ya kushoto inaenda kidogo tu, halafu inakatika ghafla, kwa sababu mvua ilibomoa upande mzima wa kilima na chini ni korongo.

Jumamosi ile tulikuwa na mashindano yetu ya kwanza milimani, na njia niliichagua mimi. Unaelewa maana yake kwa mtu kama mimi? Kama mmoja angepotea au kuvunjika mguu, ningeona ni mkono wangu uliomsukuma. Kwa hiyo Jumatano nilipanda na rafiki yangu Dieume kusafisha njia. Nilipiga picha kila mahali kabla ya kugusa kitu. Nilikata mizizi, nikatoa mawe. Kwenye njia panda nikakuta tawi lenye majani limelazwa katikati ya njia, na jiwe juu yake. Nikalichukua, nikalitupa porini.

"Eh, Metre!" Dieume akapiga kelele. "Hata mayani unaikataza kulala? Unataka kufagia pori mpaka Uganda?"

Kwenye kaye niliandika: njia panda, uchafu, umeondolewa.

Ijumaa alfajiri nilirudi peke yangu kuikimbia mara ya mwisho na kupima muda. Telefone niliiacha nyumbani kwenye umeme. Ukungu ulikuwa mzito, na umande ulikuwa umeyafanya majani yote meupe kama yamemwagiwa unga. Nilipofika kwenye njia panda nilimkuta mwanamke amesimama. Alikuwa na mkeka uliokunjwa kichwani, bidon ya maji ya njano mkononi, kikwembe kimefungwa juu ya magoti kama mtu wa safari. Si mzee, si kijana. Nikafikiri ni mtu wa kuni.

"Jambo, mama."

"Jambo, papa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, imechoka kidogo. "Ni nani alitosha tawi yetu?"

"Tawi gani limeondolewa, mama?"

"Batu yangu iko mbele. Kila fasi njia inagawanyika, banafunga ile mubaya na tawi, juu mi naenda pole, mguu inauma. Hapa hakuna kitu. Sasa nangoja."

"Unangoja tangu lini?"

"Tangu juzi."

Juzi ilikuwa Jumatano. Niamini, nilichosikia hapo si woga. Ilikuwa aibu. Nikauliza, na sijui kwa nini niliuliza: "Na mbele ya juzi?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Mbele ya juzi nilikuwa natembea."

Kisha akasema: "Mutoto yangu iko na baba yake kule mbele. Bado iko ananyonya. Weye unapitaka hapa, papa, naona mguu yako inajua njia. Niambie tu: tawi ilifunga njia gani?"

Sasa sikilizeni. Mimi ninayeandika kila jiwe, lile tawi sikuliandika lilikuwa upande gani. Kwangu lilikuwa uchafu. Nilisimama pale nikitafuta kichwani, na kichwa kilikuwa kitupu. Ningesema nini? Neno lenyewe ni fupi: sijui. Lakini tangu utoto neno hilo linanikwama kooni. Mwalimu akiuliza, ningejibu chochote kuliko kulisema. Nikaanza kupiga hesabu. Njia yangu ya mashindano ni ya kuume. Kama niliondoa tawi, basi lilikuwa linanizuia. Kwa hiyo lilifunga ya kuume. Kwa hiyo watu wake walipita kushoto. Hesabu ilinipendeza mpaka korongo lenyewe, ninalolijua vizuri, likanitoka kichwani.

"Balipita kushoto, mama," nikasema. Nilisema kama mtu aliyewaona.

Uso wake ukafunguka. "Aksanti, papa. Uishi mingi."

Akaingia njia ya kushoto. Hapo ndipo nilipoona. Njia niliyokuja nayo mimi ilikuwa mstari mweusi, umande umefutwa na miguu yangu. Ya kushoto ilikuwa nyeupe. Yeye alikuwa anatembea katikati ya majani yale, kikwembe kinayagusa, na majani yalibaki meupe nyuma yake. Niliinama nikayagusa kwa kidole, maji yakanilowesha. Nikaangalia tena mbele, sasa kulikuwa na ukungu tu. Je, mtu anaweza kupita kwenye umande bila kuuvunja? Nilisimama nikijiuliza hivyo kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye akili angesimama. Ndipo miguu ikaamua yenyewe. Nilikimbia mpaka barabarani, na kwa mara ya kwanza maishani nilisahau kubonyeza krono, saa yangu ya kupimia muda.

Mama yangu anauza samaki wa chumvi. Nilimkuta uani anawapanga kwenye beseni. Nilianza na lile tawi, nikiogopa kufika kwenye mengine. Mkono wake ukasimama.

"Na weye ukaitosha?"

"Ilikuwa uchafu, mama."

"Uchafu ni weye! Miaka ile tunakimbia vita, baba yako alikuwa anatangulia na mizigo. Kila njia panda anaweka tawi kwa ile ya kupoteza, na jiwe juu yake, upepo isibebe. Mi nakuja nyuma na weye mugongoni, unalia njia yote. Bila ile uchafu, leo ni nani angevaa hizo basketi?"

Nilikuwa sijawahi kuyasikia. Mama haongei habari za kukimbia. Labda na mimi sikuwahi kuuliza. Nikaenda kuchukua telefone, nikafungua picha za Jumatano. Njia panda, kabla ya kusafisha. Tawi lilikuwa limelala kwenye njia ya kushoto. Njia ile sikuwa hata na haja nayo. Tawi nililitoa kwa sababu lilikuwa ndani ya picha na halikunyooka.

Nilikuwa nimemtuma korongoni mama wa mtoto anayenyonya.

Najua mtasema: kama umande haukuvunjika alipopita, korongo litamfanya nini? Dieume alisema hivyohivyo nilipompigia. "Metre, ile si mutu. Lala, kesho tuko na mashindano." Labda. Lakini yeye hakuuona ule uso ulivyofunguka.

Nilirudi mchana uleule. Nilikata tawi pembeni mwa njia, nikaingia kushoto, naita kwa sauti: "Mama! Nilikudanganya! Sikujua, nilisema tu! Rudi, ni ya kuume!" Mkimbiaji mzima, anaita pori peke yake. Niliendelea mpaka karibu na pale kilima kilipobomoka.

Hatua chache kabla ya ukingo, tawi lilikuwa limelazwa katikati ya njia, na jiwe juu yake.

Majani yake yalikuwa mabichi, pale lilipokatwa utomvu ulikuwa bado unatoka. Umande ulikuwa umekauka msitu mzima, jua lilikuwa kichwani. Majani yale yalikuwa meupe kwa umande. Nilichuchumaa mbele yake. Aliyedanganywa alifika pale, akaona, na kabla ya kurudi aliwafungia njia wanaokuja nyuma. Na nyuma yake nilikuwa nani, kama si mimi?

Sikuligusa. Nilirudi kwenye njia panda nikalaza langu kwenye njia ya kushoto, nikaweka jiwe juu. Jumamosi watu wetu walikimbia, wote wakarudi. Mimi sikukimbia, nilisimama pale njia panda asubuhi nzima. Dieume alipopita, anahema, alinitupia: "Leo Metre ni polisi ya mayani!" Lakini nilimwona akipita kwa upande, asilikanyage.

Tangu hapo kila Ijumaa napanda kubadilisha tawi, maana majani yakikauka upepo unayachezea. Ijumaa nyingine nakuta limeshabadilishwa. Watu wa kuni? Inawezekana. Niliwahi kuandika kwenye kaye nani anapita saa ngapi, halafu nikaacha. Na bado siwezi kuwa wa mbele kwenye njia nisiyoijua. Nangoja mwingine atangulie.

Kwa hiyo weye unayependa kukimbia huko juu, ukikuta tawi limelazwa njiani, usiliruke na usilitupe, hata kama njia ile huna haja nayo. Kuna mtu anakuja pole. Na akikufikia akakuuliza, na hujui, mwambie hujui, hata kama koo linakataa. Ukae naye hapo mpaka mjue pamoja.

Mama yangu, ambaye baadaye nilimwambia yote, akinipa samaki wa kupeleka sokoni, huniuliza kila mara: "Yule mama, alifikia mutoto yake?"

Namjibu: "Sijui, mama."