Wimbo wa Mwisho wa Upande B

Wimbo wenyewe uko mwisho kabisa wa upande B, na nadhani ndiyo sababu hakuna anayeujua. Kaseti ni ya nyimbo za Krismasi za Kizungu. Mama aliikuta imesahauliwa ndani ya redio kaseti aliyonunua mtumba huko Migori. Upande A wote ni kengele na kwaya. Upande B unaanza na zile za polepole ambazo maduka hupiga Desemba nzima hadi mtu anatamani Januari. Wakifika hapo watu hugeuza kaseti ama husinzia. Mimi sikusinzia, ndiyo nikaupata.

Unaanza na lile gitaa kubwa la kusimama, ambalo mpigaji anachapa nyuzi kwa kofi. Halafu ngoma inasuguliwa kama mtu anafagia uwanja asubuhi, halafu tarumbeta zinaingia zote pamoja, kama watu waliochelewa kanisani na hawaoni haya. Mwanamume anaimba kwamba amepiga viatu rangi na kwenda stesheni kungoja mtu wake wa Krismasi. Treni inafika. Kila anayeshuka anakumbatiwa. Wa kwake hayumo. Sasa kwa maneno kama hayo, wimbo mwingine ungelia. Huu haulii. Gitaa linakimbia tu, na yeye anacheza peke yake pale pale stesheni, na vile viatu vyake. Unaisha kabla hujamaliza kikombe cha uji.

Nikiwa kidato cha pili niliupeleka shuleni, jioni ya burudani. Ilinichukua karibu muhula mzima kupata ujasiri wa kusema naomba tuweke yangu. Haukufika nusu.

"Siste, toa hiyo," alisema msichana aliyeshika redio. "Unatuletea muziki ya babu ya mzungu."

"Hiyo ni ya sarakasi," mwingine akaongeza. "Ndovu iko wapi?"

Walicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ndivyo huwa nafanya. Wakarudisha Lingala. Nikarudi bwenini na kaseti mfukoni, nikaamua kwamba dunia nzima inaweza kuukosa wimbo huu, bora mtu mmoja ausikie. Mama.

Mama anauza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay. Mimi shule ikifungwa nakaa Sindo na nyanya, ambaye tunamwita dani. Mama huja akipata nafasi, na samaki hawampi nafasi. Sijawahi kumwambia kwamba nyumba inakuwa kimya sana. Hayo si maneno ya kumwambia mtu anayeamka kungoja boti gizani. Nilifikiri wimbo ungeyasema kwa niaba yangu, bila kumwaibisha yeyote. Tungeusikiliza pamoja, angetikisa mguu kidogo, angeelewa.

Desemba nikiwa kidato cha tatu, mama alituma neno kupitia mwenye boti. Atakuja Krismasi, alale, arudi kesho yake.

Shida ilikuwa mawe. Betri za redio sisi tunaziita mawe, na dani alikuwa anayamaliza kwa matangazo ya vifo. Kila jioni lazima ajue nani amekufa, anazikwa wapi, na kama ni wa ukoo anaoujua. Huwezi kumnyima mtu mzima matangazo ya vifo. Kwa hiyo nikaacha kuusikiliza wimbo wangu. Kaseti niliirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu, redio isile moto wa bure, hadi ikasimama pale wimbo unapoanzia. Dukani mawe yalikuwa yameisha. Kila mtu alitaka redio yake iongee Krismasi.

Siku moja kabla ya Krismasi niliyatoa yote manne nikayaanika, kama kila mtu anavyofanya mawe yakichoka. Nilitafuta mahali penye jua zuri kuliko pote pale nyumbani, nikayalaza kwenye wavu ambao dani huanikia omena, katikati yao. Kisha nikaenda ziwani kuchota maji.

Mvua haikupiga hodi. Niliporudi mbio, dani alikuwa ameshashika wavu pembe zote na kuumwaga ndani ya gunia, na mnunuzi aliyekuja na pikapu alikuwa anafunga kamba.

"Dani, mawe yangu."

"Mawe gani?"

"Ya redio. Yalikuwa kwa omena."

Dani alinitazama huku maji yakimchuruzika usoni. "Nyakwara, mjukuu wangu, omena huanikwa na omena."

Mnunuzi alifungua gunia, nikaingiza mikono hadi kwapani. Nilipata matatu.

"Dada, tunaloa," akasema. "Hilo lingine litaonekana Nairobi kwa sufuria ya mtu." Akalipandisha gunia, akaenda.

La nne nililitoa kwenye tochi ya dani, ambayo ilikuwa inamulika kama jicho la mgonjwa.

Krismasi mama alifika alasiri. Alikuwa amepungua. Sisi ni watu wa Sabato, Krismasi kwetu haina kelele, ni wali tu na kuku. Tulikula. Akavua viatu, akaegemea kiti chenye kitambaa. Nikamwambia, bila kumwangalia, kwamba kuna wimbo.

"Weka, nyara," akasema, yaani binti yangu.

Nikabonyeza. Mawe hayakuwa na nguvu ya kuizungusha kaseti, gitaa likatoka likijikokota. Tarumbeta zilinguruma kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Na yule mwanamume, sauti yake ilikuwa nzito na ndefu, kila neno linaburutwa, viatu vyake kama ni vya chuma. Nilipiga meza kwa vidole, kasi ile yenyewe, nikidhani labda atanifuata. Hakunifuata.

"Anaimba vizuri," mama akasema, macho ameyafumba. "Kama wa kanisani. Lakini huyu mtu amechoka."

"Ndiyo, mama."



Dani ndiye aliyesema. "Hii si ile yako. Ile yako ilikuwa inakimbia. Ile gitaa ya chini, kama muziki wa benga."

Nikageuka. Sikujua kwamba alikuwa anausikia wimbo kupitia ukutani, likizo hizo zote.

"Ilikuwa hivi," dani akasema, akaanza kujipiga paja kwa kiganja, mara hapa, mara pale, na kasi yake ilikuwa sawasawa kabisa. "Wewe mama yake, sikia."

Lakini mama alikuwa ameshalala, mdomo wazi kidogo, magamba ya samaki bado yamemganda kifundoni. Dani akapunguza sauti ya kiganja, asimwamshe, ila kasi hakuipunguza. Nikasogeza kigoda changu karibu naye. Redio ikaendelea kuzama, na yule mtu wa stesheni bado hajafika pale treni inapoingia.