Mcha Hakusema Mashaallah

Timu ya Mawimbi ilimsajili Qais mwezi wa sita, na mpaka mwezi wa nane alikuwa hajagusa mpira uwanjani hata mara moja. Kwa watu wa Jang'ombe hilo lilitosha kuiharibu ladha ya kahawa. Kila alasiri walikusanyika kwenye baraza ya Mzee Mbarouk, fundi viatu, wakamjadili kijana wa watu kama kwamba wamemzaa wao. Mbarouk hakuwaalika. Baraza ilikuwa yake, na sindano na gundi zilikuwa zake, lakini shabiki wa mpira haombi ruhusa ya kukaa. Anakaa, kisha anakutaka wewe usogee.

"Kipimo cha moyo!" alisema Abdulrazak, muuza simu, mtu aliyeujua mpira wa nchi zote isipokuwa kuucheza. "Yakhe, tangu lini winga akapimwa moyo? Winga anapimwa miguu."

"Kaogopa namba huyo," alisema mwengine. "Kaona kikosi kimejaa."

"Hajaogopa, kafanyiwa," alidakia Mansour, kinyozi, ambaye kwake hakuna jambo lililopata kutokea bila ya mtu nyuma yake. "Mtoto katoka kwao mzima. Kapigwa picha na jezi, picha ikazagaa mji mzima, watu wakamsifu hata Mungu hawakumtaja. Jicho hilo! Aandikiwe aya kwa zafarani kwenye sahani, ioshwe, anywe kombe lake. Wiki moja tu mtamwona anakimbia."

Wengine walicheka, wengine wakaitikia. Mbarouk alivuta uzi, akaukata kwa meno, ndipo akasema, "Jicho lipo."

Walijua mwanawe alikufa vipi, na walijua ni nani aliyemuua, au walidhani wanajua. Abdulrazak akageuza maneno, akaanza kuulizia bei ya pweza.

Siku ya tatu ya mjadala huo, Qais mwenyewe akatokea. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, mrefu, mwenye mapaja ya kazi, na ukimtazama usingemdhania hata mafua. Mkononi alichukua njumu zake amezifunga ndani ya fulana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zimepasuka?"

"Hazijapasuka. Nataka uning'olee meno yote, unibandikie soli ya kawaida. Nipate vya kutembelea."

Mbarouk akazipindua. Zilikuwa mpya kabisa, kwenye meno hakuna hata chembe ya udongo. Watu wale waliomchambua siku tatu nzima sasa kila mmoja alikuwa anaangalia kikombe chake. Ilikuwa haya, na ilikuwa haki yao waione.

"Kombe ushakunywa?" Mansour hakuweza kujizuia.

"Nshakunywa. Kwa masheikh watatu, Mungu awalipe kheri. Nkarudi kupimwa, picha ikatoka ile ile." Qais alisema bila ya hasira, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo nyumba nyingi. "Misuli ya moyo wangu minene kuliko inavyotakiwa. Nikikimbia sana, moyo unapoteza mapigo. Daktari kasema hakuna aliyenifanya kitu, nimezaliwa nayo. Kaniuliza, ushapata kuanguka ukikimbia? Nkamwambia mara mbili, nikainuka nacheka. Akanambia, wewe una bahati, wenzio wengi hujulikana siku wanayokufa."

Mbarouk aliziweka njumu chini.

"Ulipoanguka," aliuliza, "uliona nini kwanza?"

"Kiza. Kinakuja kutoka pembeni, kama mtu anafunga madirisha."

Mzee wa watu aliokota uzi, akaurudisha. Alisikia Abdulrazak akimpa kijana pole, akamsikia Mansour akisema ya Mungu mengi, lakini yote hayo kwa mbali. Maneno ya madirisha alikwisha kuyasikia miaka kumi na saba nyuma, kutoka kwenye kinywa cha mwanawe Khelef.

Khelef alikuwa beki wa kushoto, na hapa Unguja hakukuwa na winga aliyependa kukutana naye. Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na minane, na watu wa timu moja ya bara walikwisha ahidi kuja kumtazama. Wiki tatu kabla, alianguka ngazini na ndoo ya maji. Wiki moja kabla, alianguka tena, akikimbia peke yake pwani. Mara zote mbili alimwendea baba yake, hakumwendea mwengine. "Baba, kama mtu kafunga madirisha." Na Mbarouk akamjibu kwamba hizo ni njaa na uchovu, akampa asali na habasoda, akamwambia, "Usimwambie mama'ko, wala kocha. Watu wa bara wakisikia, hawaji." Basi. Ndivyo alivyomfunga mdomo mwanawe, kwa mapenzi na kwa tamaa, na asiyewahi kuvichanganya viwili hivyo ndiye amtupie jiwe.

Siku ya mchezo, Mbarouk na rafiki yake Mcha walikaa benchi moja. Walikuwa wakikaa pamoja kila siku ya Mungu: baraza ile ya Jang'ombe ilikuwa yao wote wawili, Mbarouk akibandika soli, Mcha akishona. Dakika ya hamsini Khelef aliukimbilia mpira kutoka lango hadi lango. Mcha akasimama juu ya benchi, akapiga ukelele uwanja mzima ukasikia, "Mtazameni huyo! Mtoto huyo hana pumzi moja, ana tatu!" Dakika chache baadaye Khelef alikuwa chini, na hakuna aliyekuwa karibu naye.

Matangani, siku ya pili, baraza imejaa watu, Mbarouk alimgeukia rafiki yake. Hakumtukana, hakumpigia kelele. Aliuliza tu, "Mcha, ulisema Mashaallah?"

Mcha alifikiri. Lau angekuwa muongo angejiokoa. "Sikumbuki," alisema.

Ikatosha. Ulimi hauna mfupa, lakini swali lile lilimvunja mtu mzima. Kikulacho ki nguoni mwako, watu walisema, na Mbarouk akawaacha waseme. Wazazi wakaacha kuleta viatu vya watoto wao vipite kwenye mikono ya Mcha. Akipita uchochoroni, akina mama waliwavuta wanao ndani. Mwezi wa tatu tangu mazishi alikusanya sindano zake akarudi kwao Makunduchi. Kibao alichokalia kikabaki barazani, na kwa miaka kumi na saba mashabiki wamekuwa wakikigombania bila ya kujiuliza kilikuwa cha nani.

Mbarouk alikuwa ameamini kweli? Aliamini, ndiyo, kwa sababu alihitaji kuamini. Kumbukumbu ya ngazi na ndoo aliizika kabla ya kumzika mwanawe, akaisahau kwa bidii. Sasa kijana mwenye njumu mpya ameifukua mbele ya watu bila ya kujua.

Asubuhi ya pili alivaa kanzu. Mkewe, Bi Nasima, alimuuliza safari ya wapi, naye akamwambia Makunduchi, kwa Mcha.

"Unamfuata nini mchawi yule?" alisema Bi Nasima. "Kashakula mmoja. Hajashiba?"

Mbarouk alitaka kumwambia pale pale. Alifungua kinywa, akaona picha ya Khelef ukutani nyuma ya kichwa cha mama yake, akakifunga. Kwanza kwa Mcha, alijiambia. Huo ulikuwa woga, naye alijua.

Nyumba aliionyeshwa kwa urahisi, ingawa yule aliyemuonyesha alimuuliza mara mbili kama ana hakika ni Mcha huyo anayemtaka. Mkaza mwana wa Mcha, Badriya, alimkaribisha kwa heshima, akampitisha ukumbini. Kutoka uani ilisikika sauti ya mtoto wa kike, "Babu, n'napita!" kisha vishindo vya miguu. Mbarouk akaona hiyo ni adabu nzuri, watoto wa mjini hawana.

Mcha alikuwa amekaa kwenye mkeka, akisokota kamba ya makumbi, uso karibu na ukuta. Amekonda, ndevu nyeupe. Aliposikia salamu hakugeuka upesi.

"Mbarouk," alisema. "Karibu. Nilijua utakuja siku moja. Nkadhani utakuja kunizika."

Mbarouk alikaa. Njiani alipanga maneno mengi yenye adabu, na yote yakamkimbia. Akayasema yalivyo: kwamba Khelef alikuwa na ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao, kwamba alianguka mara mbili kabla ya siku ile, ngazini na pwani, kwamba alimwambia baba yake na baba yake akamnyamazisha. "Halikuwa jicho lako, Mcha. Wala hukuwa na jicho."

Mikono iliyokuwa ikisokota ikasimama.

"Umeyajua lini haya?"

"Ugonjwa nimeujua jana. Kuanguka nilikujua tangu yu hai."

"Siku ile uliponiuliza mbele ya watu," Mcha alisema polepole, "kuanguka ulikujua."

"Nilikujua."

Kule uani jogoo alikuwa anawika kwa fujo. Mcha aliichukua kamba, akaitazama, akairudisha chini.

"Mie kila siku narudi uwanjani pale," alisema. "Nasimama juu ya benchi lile. Najaribu kukumbuka, nilisema au sikusema. Mara nyengine naisikia kabisa sauti yangu, Mashaallah, imo. Mara nyengine haimo. Nikisali nalisema neno hilo mpaka koo linakauka, nikidhani labda litarudi nyuma limkute mtoto bado yu mzima. Miaka kumi na saba, Mbarouk. Na wewe ulikuwa nalo jibu mfukoni."

Mbarouk alilia. Alilia vibaya, kama mzee anavyolia, kwa pua na kwa mabega, na kofia ikamdondoka. "Niwie radhi," alisema. "Niwie radhi, ndugu yangu."

"Nimekuwia," Mcha alisema, bila ya kusita wala kulainika. "Mungu ni shahidi, nimekuwia. Lakini la kuvunda halina ubani. Usinambie nirudi mjini, wala usinambie niwe kama zamani. Sijui tena nilivyokuwa."

"Nitawaambia watu wote barazani. Nitamwambia Nasima leo leo."

"Waambie. Hasa Nasima."

Ndipo sauti ikaja tena, safari hii mlangoni pale pale. "Babu, n'napita!"

Mcha akageuka. Aligeuka upesi kuliko umri wake, akaubandika uso ukutani na kuyaziba macho kwa kiganja. Mtoto wa miaka sita hivi, na bakuli ya ubwabwa mikononi, alipita katikati ya ukumbi bila ya kushangaa, akamwamkia mgeni kwa sauti ndogo, akatokea mlango wa pili. Hapo ndipo Mbarouk alipofahamu adabu ile ni adabu gani.

"Mtazame, Mcha," alisema. "Nimekwambia huna jicho. Mtazame mjukuu wako."

Shingo ya Mcha haikugeuka. Alingoja mpaka vishindo vimekwisha, akangoja tena kidogo kwa usalama, kisha akashusha kiganja, uso bado uko ukutani.

"Anaitwa Maha," alisema. "Kazaliwa humu humu ndani." Akavuta pumzi. "Wewe uliyemuona, hebu nambie. Kafanana na nani?"