Kutoka Saio hadi Rwambuzi, Kutafuta Sakafu ya Droo

Kilichoninyima usingizi wiki nzima ni unene wa ubao: milimita sita, kumi na mbili, au kumi na nane? Najua, watu wa Bunia wana mambo makubwa zaidi ya kuwakosesha usingizi. Lakini droo yangu ya kwanza ya kuwekea vifaa niliitengeneza kwa novopan, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Ilikunywa unyevu wa mvua, ikavimba, kisha ikaangusha sakafu yake pamoja na spana zote juu ya kidole gumba cha mguu wa Papa Lazare. Papa Lazare ndiye fundi mkuu katika karakana ya shangazi yangu, inayotengeneza pampu za wachimba dhahabu. Mimi ndiye mwenye diploma.

"Injinia," shangazi aliniambia, "samedi nione ingine. Ikianguka tena, unarudia kwa baba yako kuchunga ngombe. Ngombe haina tiroir." Tiroir ndiyo droo, kwa Kifaransa chetu.

Papa Lazare, kidole kikiwa kimefungwa kitambaa, akaongeza: "Na siku ya kuifungua, mguu ya chini itakuwa ya kwako. Bila kiatu."

Ijumaa, siku moja kabla ya hiyo Jumamosi yake, saa moja asubuhi, niliondoka mtaa wetu wa Saio. Wengine wakisafiri husimulia Kisangani na mto wake. Mimi niliuvuka mji wangu mwenyewe kwa pikipiki, nikiwa na futi ya kupimia, daftari lenye kurasa kumi na moja za hesabu, na chupa ya maji ambayo haikuwa ya kunywa. Ilikuwa ya kumwagia mbao.

Saa mbili nilikuwa barabara ya Lumumba. Muuzaji wa kwanza alinionyesha triplex, mbao za matabaka membamba yaliyogandishwa, zenye karatasi ya rangi pembeni. "Hii ni original. Inatoka Kampala." Mti ule na mimi huenda tunafahamiana. Malori ya magogo hupita mbele ya karakana yetu yakielekea Uganda. Msitu wetu huondoka mnene, hurudi mwembamba kama biskuti, nasi tunauliza kwa heshima kama ni original.

Niliomba matofali mawili, nikalaza juu yake ubao wa milimita sita, nikapanda. Ukabonyea karibu kugusa chini.

"Umeona?" muuzaji akasema. "Imecheka kidogo tu."

"Spana zetu zinanipita uzito."

"Basi weka spana kidogo."

Jibu hilo halikuwa katika kurasa zangu kumi na moja.

Jirani yake aliuza mabati mazito. "Iyi haitakufa!" akasema, akaligonga moja kwa ngumi hadi barabara nzima ikageuka. Nikawaza kutu. Nikawaza kelele. Nikawaza kingo zinazokata, na vidole vya Papa Lazare vilivyobaki salama. Nikaandika "bati: labda", nikaondoka.

Saa tano, mtaa wa Rwambuzi. Dereva wa pikipiki, aliyechoka kuningoja, alinishusha kwa seremala pekee aliyemjua: fundi wa majeneza. Mzee alivua kofia aliponiona.

"Pole sana, mutoto yangu. Ni nani?"

"Hakuna mutu amekufa, muzee. Ni tiroir."

Akavaa kofia. "Basi leo niko na bahati. Sema."

Nikamsomea daftari. Kwenye ukurasa wa nne akainua mkono ninyamaze. Nikaonyesha triplex nyembamba aliyowekea sakafu ya majeneza: kama inabeba mtu mzima, itashindwaje na spana?

"Sanduku yangu inabebwa mara moja," akasema, "na kliyan harudi kulalamika. Tiroir unaifungua mara ngapi kwa siku?"

"Arobaini, labda."

"Sasa acha kuangalia ile nauzisha. Angalia mahali natumikia."

Chini ya jeneza alilokuwa akiligongomea palikuwa na meza. Juu yake ni ubao mweusi wa milimita kumi na nane, ule ambao wajenzi huzuilia zege, bado una makovu ya simenti. Unanyeshewa, unapigwa nyundo kila siku. Nikamwaga maji ya chupa: yakateleza yote, yakaishia kwenye kiatu changu. Ubao ulikuwa umenyooka. Tangu asubuhi nilikagua wanachouza mafundi. Sikufikiri kutazama wanachojiwekea wenyewe.

Alikuwa na ubao mwingine kama huo nyuma ya nyumba, mchafu zaidi. Tukaelewana bei.

"Na usigongomee sakafu kwa chini," akaniambia. "Chimba mufereji mu mbao za kando, iingie ndani. Misumari ya chini ni ya watu yangu."

Saa tisa nilirudi Saio na mzigo wangu. Shangazi aliuzunguka mara mbili, akakwaruza simenti ya wajenzi. "Miaka tano ya université, unatuletea takataka ya chantier?"

Nikawaeleza, yeye na Papa Lazare, maneno ya mzee, hata swali lake la droo kufunguliwa mara arobaini kwa siku. Hawakucheka. Nilitamani kuuloweka ubao siku tatu kwanza, nione. Siku tatu hazikuwepo. Nikalifunga daftari, nikalisukuma chini ya ubao usitikisike, nikashika msumeno.

Jumamosi asubuhi droo ilikuwa mahali pake. Papa Lazare aliijaza mwenyewe, spana kwa spana, kisha akaongeza nyundo kubwa ambayo haijawahi kukaa kwenye droo yoyote. Akautazama mguu wangu.

Nikavua kiatu, nikauweka mguu chini ya droo, nikavuta.

Droo ilitoka hadi mwisho, ikabaki imenyooka. Papa Lazare akainama, akachungulia chini yake muda mrefu.

"Irudishe," akasema. "Bado thelathini na tisa."