Mbwa wa Angani na Mapipa ya Msikiti

Yunusu Mbaraka, Mungu amrehemu, alikuwa mtunza maktaba wa Mbeya katika miaka ambayo watu wengi hawakujua kwamba kutunza vitabu ni kazi ya mtu mzima. Walipomwona akipita asubuhi na ufunguo umening'inia shingoni, walidhani ni mlinzi wa ghala. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja katika jumba la mikutano karibu na soko: makabati mawili ya vioo, meza ndefu, mabenchi manne na dirisha lililotazama mlima Loleza. Alizaliwa Iringa, kwa wazazi waliopanda kutoka Kilwa na biashara ya nguo. Alisoma Kurani chuoni kwanza na skuli baadaye, akawa karani miaka kumi, ndipo akahamia Mbeya na mkewe Mwantumu na binti yao Mwamvita. Kila jioni akifunga makabati alisema "Alhamdulillahi", kama mtu anayenawa baada ya kula.

Alipenda vitabu, lakini habari za ajabu alizipenda zaidi. Magazeti yalikuja kwa basi la Iringa, yamechelewa siku nne au tano, yamejaa vumbi. Kabla ya kusoma habari za serikali na bei ya kahawa, macho yake yalikwenda pembeni, kwenye vijihabari vifupi: ng'ombe aliyezaa ndama mwenye miguu sita, bwana wa Ulaya aliyechukuliwa na usingizi siku ishirini, mchimba dhahabu wa Chunya aliyechinja kanga akakuta punje ya dhahabu ndani ya firigisi. Kuchana gazeti alikataza kabisa, maana wavuta tumbaku walikuwa wameshamaliza kurasa nyingi kwa kusokotea sigara. Kwa hiyo habari iliyompendeza aliinakili kwa mkono wake kwenye karatasi, akaibandika mlangoni. Ijumaa baada ya alasiri aliwasomea wazee waliokaa barazani nje. Siku zote alianza, "Gazeti linasema," na kumaliza, "na Mungu ndiye ajuaye."

"Habari ya kawaida hukwambia dunia ilivyo," alimwambia Mwamvita mara nyingi. "Ya ajabu hukukumbusha kwamba bado hujaijua."

Mwantumu alifariki kwa homa masika ya mwaka 1956. Arobaini ilipokwisha, Yunusu alikwenda kwa Mwalimu Selemani, imamu wa msikiti, akamwomba ridhaa yake ili Alhamisi mchana maktaba iwe ya wasichana na wanawake peke yao. Mwanamume asitie mguu ndani, hata yeye mwenyewe. Ufunguo angempa Mwamvita, na yeye baba angekaa nje kwenye ngazi. Mwalimu aliwaza, akakubali. Walikuja wasichana kumi na mmoja. Wengi wao walikuwa wametolewa skuli darasa la nne, na saa zile mbili za Alhamisi ndizo pekee walizoshika kitabu. Yunusu alizithamini kuliko mshahara wake.

Basi mwezi wa Novemba 1957 likaja gazeti lenye habari kwamba Warusi wamemtia mbwa ndani ya chombo cha chuma wakamrusha angani, na kwamba sasa anaizunguka dunia, anapita juu ya nchi zote. Yunusu aliisoma mara tatu amesimama. Ijumaa ile furaha ilimzidi. Hakuanza na "Gazeti linasema," wala hakumtaja Mungu mwishoni. Alitoka barazani akawaambia wazee moja kwa moja kwamba hivi sasa, wakiwa wamekaa pale, kuna mbwa anapita juu yao.

Wazee walitazama juu. Mzee Alawi, mwadhini, alivuta kofia yake.

Usiku ule mvua ya kwanza ya msimu ikanyesha, nzuri, ya kutuliza vumbi. Mapipa manne ya msikitini yaliyokingwa chini ya bati yakajaa. Alfajiri Mzee Alawi aliyaangalia yale maji akaingiwa na wasiwasi. Maji yametoka juu, na juu kuna mbwa. Mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Asingethubutu kuwaacha watu watawadhe kwa maji yale. Akayamwaga mapipa yote manne, akachota udongo, akaanza kusugua. Waliokuja kusali walimkuta kwenye pipa la pili, osho la tano, kanzu imelowa mpaka kiunoni. Habari ikatoka hapo ikaingia majumbani, na kufika saa tatu wanawake wa mtaa mzima walikuwa wanamwaga mitungi na kusugua sufuria kwa udongo, wakati bomba la mtaa lilikuwa halitoi maji tangu Jumatano.

Mzee Alawi alimwuliza Mwalimu Selemani pale pale uani, mbele ya watu na mbele ya vijana wa skuli waliokuwa wanapita: mbwa akipita juu, maji yana hukumu gani? Mwalimu hakuwapo barazani Ijumaa ile, naye alikuwa hajasikia habari yoyote ya mbwa. Akasema wangoje. Vijana wakacheka.

Jumapili Mzee Alawi alimfikia Yunusu na maneno ya wazee. Walikuwa wamekaa wakakata shauri. Ijumaa ijayo, baada ya sala, Yunusu asimame aseme kwamba habari ile ni uongo wa magazeti. Asiposema, mabinti wao hawataingia tena katika nyumba yenye uongo. Alhamisi imekwisha.

"Na Mwalimu amesema hivyo?" aliuliza Yunusu.

"Mwalimu amenyamaza," alisema Mzee Alawi. "Nasi tunajua maana ya kunyamaza kwake."

Jumatatu asubuhi Liberatus, karani wa posta, Mnyakyusa wa Tukuyu asiyepitwa na utani, alileta barua akaegemea mlangoni.

"Bwana Yunusu, nasikia umeharibu mvua."

"Niache, Liberatus."

"Nauliza tu. Sisi wa misheni nasi tusugue, au tungoje tangazo letu?"

Yunusu alicheka kidogo, bila kutaka. Kisha Liberatus akaacha mzaha, akamshauri aseme tu neno wanalolitaka. Mbwa yuko mbali, hatasikia. Lakini Yunusu alijua neno hilo haliwezi kumtoka kinywani. Hakuwa na hakika kwamba habari ile ni kweli, wala hakuwa na hakika kwamba ni uongo, na miaka yote kazi yake ilisimama juu ya kutosema asichokijua. Akiliita gazeti uongo ili Alhamisi ibaki, wasichana wale watakuja kusoma nini, kwa mtu anayegeuza maandishi kwa kuogopa? Na asipoliita, hawatakuja kabisa. Mchana kutwa aliyapanga mawazo yake asione pa kupitia. Alasiri akafunga, akaenda kwa Mwalimu Selemani.

Alimkuta barazani, miwani puani, anashona mgongo wa msahafu uliochakaa. Walisalimiana, ikaletwa chai ya tangawizi. Yunusu alianza kwa kukiri kosa lake: aliisoma habari kama mtu aliyemwona mbwa kwa macho, na haikuwa adabu. Mwalimu alishona mpaka uzi ukaisha, ndipo akasema.

"Mbwa hajanisumbua, mwanangu. Tangu msikiti ujengwe kunguru wanapita juu yake na mizoga mdomoni, na tunasali. Hukumu yake ningeitoa kabla chai hii haijapoa."

"Basi kilichokuudhi ni nini, Mwalimu?"

"Niliulizwa mbele ya watoto nikawa sijui hata kinachoulizwa. Miaka arobaini nasoma, Yunusu. Lakini mlangoni kwako mimi ni kipofu. Herufi zako za Kizungu sizijui. Nakaa nje na wenzangu, tunangoja kusomewa."

Yunusu aliweka kikombe chini. Alimkumbuka Mwantumu, siku aliyokuja kumsaidia kufuta vumbi, akapitisha kidole kwenye kioo cha kabati akasema, "Vitabu vyote hivi, hata kimoja hakinijui." Siku ile Yunusu alicheka tu. Mwantumu aliyesoma msahafu kila alfajiri, aliyemwandikia mama yake Kilwa kwa herufi za Kiarabu, barua ndefu za Kiswahili safi! Na ofisi ya serikali ilipotaka hesabu ya watu wa mtaa wanaojua kusoma, mumewe alimwacha nje ya hesabu, kwa kalamu yake mwenyewe, bila kufikiri.

"Mwalimu, nisamehe," alisema. "Si habari ya mbwa. Ni habari ya mlango."

Siku tatu Yunusu aliandika. Mkono wake ulikuwa umesahau herufi za chuoni. Aliharibu karatasi tisa, Mwamvita akimshikia taa na kumkosoa. Alhamisi maktaba ilifunguliwa kama kawaida, na alikuja Mwamvita peke yake. Ijumaa baada ya sala wazee walikuja kumsikia akilikana gazeti. Walikuta mlangoni karatasi mbili zimebandikwa sambamba. Ya kushoto ilikuwa kama zile za siku zote. Ya kulia ilikuwa habari ile ile ya mbwa, Kiswahili kile kile, kwa herufi za Kiarabu, na juu yake: Gazeti linasema.

Mzee Alawi alisogea. Kidole chake kikaanza upande wa kulia kikatambaa kwenda kushoto, na sauti yake, ile ya adhana, ikasoma habari yote kuanzia Urusi mpaka mwisho. Hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza alirudia tena, kwa raha tu.

Mwalimu Selemani akasema hukumu yake mbele ya wote: najisi huhama kwa kugusana na majimaji, na mnyama huyo, kama yupo, amefungiwa ndani ya chuma. Mvua ni rehema, na mapipa manne ya rehema yamemwagwa bure. Ama gazeti, limesema. Likiwa limedanganya, dhambi ni yake, si ya msomaji. Mzee Alawi alisema kwa unyonge kwamba angalau mapipa sasa yameng'aa, na watu wakacheka, naye akacheka.

Kisha Mwalimu akaiinamia ile karatasi akatikisa kichwa.

"Yunusu, mwandiko huu ni wa kuku aliyeparua. Kuanzia wiki ijayo, gazeti likifika, njoo unisomee kwanza. Mimi nitaandika."

Ndivyo Mwalimu Selemani alivyopata kuzijua habari zote za dunia kabla ya vijana wa skuli.

Alhamisi iliyofuata walirudi wasichana wote kumi na mmoja, na nyuma yao wanawake watu wazima watatu, akiwemo Bi Jaha, mke wa Mzee Alawi, ambaye hakuwa amewahi kuukaribia mlango ule. Mvua ndogo ilikuwa inaanguka. Mwamvita alitoka na mwavuli, akamwomba baba yake aingie japo kwenye kizingiti. Yunusu alikataa, akasema mkataba ni mkataba. Alikaa kwenye ngazi, mgongo kwa mlango, kofia inalowa, akimsikiliza Bi Jaha ndani akiwasomea wenzake, kwa ile karatasi ya herufi za Kiarabu iliyobanduliwa mlangoni, namna mbwa alivyofungwa mkanda asianguke. Bi Jaha alisoma bila kukwama, akasimama kidogo kumhurumia mbwa, akaendelea. Yunusu akafungua viganja vyake palepale mvuani, akamshukuru Mungu, akamwombea Mwantumu.