Sentimita Kumi na Saba za Mama Rula

Kwenye kituo kile cha utafiti wa mbegu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa Mama Rula, kwa sababu rula ya mbao haikumtoka mkononi, na alichokisoma ndicho alichokiandika. Wapo wapimaji wanaomaliza kazi wakiwa wamekaa kivulini na kalamu. Yeye alipiga goti mbele ya kila mche wa maharage.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Mbegu za aina mbalimbali hupandwa kwenye udongo mmoja na kupewa maji sawasawa, ili tofauti ya urefu ikitokea iwe ya mbegu. Kisha mbegu ya aina moja hupandwa kwenye udongo tofauti, ili tofauti iwe ya udongo. Mwisho mtafiti hugawa: hiki ni cha mbegu, hiki ni cha malezi. Sharti ni moja tu, mkono wa mtu usipendelee.

Mama Rula alipendelea. Mstari wa saba ulichipua umedumaa, vibarua wakaucheka: "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Huu utazaa nini?" Maneno hayo aliyajua tangu utotoni. Baba yake alikuwa mlevi wa kupindukia, na ukoo mzima ulishamhukumu binti pamoja naye, mpaka shangazi yake alipomchukua, akamlea na kumsomesha. Basi kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, akawa anaumwagia mstari wa saba maji ya samadi kwa kopo.

Mstari ukainuka hadi sentimita arobaini na nane. Mtafiti, binti mwenye miwani mikubwa, nusura aruke kwa furaha. "Mbegu ndiyo hii! Mwezi ujao inakwenda kwa wakulima."

Mama Rula akawaza mbele. Wakulima wangeipanda bila kopo lake, wangeambulia patupu. Na akisema, unga umemwagika. Siku tatu aliendelea na kupima. Siku ya nne akabisha mlango wa mtafiti.

"Daktari, mstari wa saba niliulea mimi. Kwa maji ya samadi, kila siku."

Mtafiti akavua miwani. "Wewe, Mama Rula? Wewe wa kunifanyia hivi?"

"Mimi, mwanangu. Niandikie barua niondoke."

Barua haikuandikwa. Lakini kazi ya msimu mzima ilifutwa, mbegu zikapandwa upya, na Mama Rula akawekwa stoo kuchambua maharage. Aliona aibu hata kupita karibu na shamba.

Miche ilipokomaa, mtafiti akamwita na kumkabidhi rula. Mistari mingine ilikuwa na urefu wake uleule. Wa saba ulifika thelathini na moja. Aliisoma namba kwa sauti kavu, ingawa ilimuuma.

Mtafiti akapiga hesabu pembeni mwa daftari. "Mbegu ileile, udongo uleule. Zimepungua sentimita kumi na saba. Hizi siwezi kuipa mbegu."

"Ziandike kosa."

"Kosa nilishaliandika. Hizi nimeziandika malezi."

Mama Rula alilifuata neno lile kwa kidole. Kisha akaomba simu, kwa kuwa simu yake haikuwa na salio.

"Shikamoo, shangazi. Hapana, hakuna tatizo. Nilitaka tu kukusikia."