Fundo la Uzi Mwekundu

Nakumbuka siku moja, hapa hapa Msuka, nilipomwita mtu mwema mwizi kwa ajili ya kitambaa kilichofungwa fundo. Nilikuwa nimeolewa mwaka ule, mwanangu, na akili bado changa.

Mwanzo wake ni bwana mmoja wa serikali aliyekuja na mkalimani. Akatueleza kuwa huko Ulaya wakulima wadogo, watu wa jembe kama sisi, hutia fedha zao katika sanduku moja la kijiji, wakakopeshana wenyewe, wasimpigie magoti mkopeshaji. Wazee wakatazamana. Mzungu atoke huko kote kutuletea kheri, asitake kitu? Shehe akauliza habari ya riba. Mkalimani akajibu mengi, mie sikuridhika hata na moja. Tangu utoto mie mtu wa shaka. Hata samaki wa kupewa nilimnusa mara mbili.

Lakini sanduku alipewa Mzee Hamadi, mwadhini wetu, na hapo tukalegea. Nikampelekea mahari yangu nimeyafunga katika kipande cha leso, fundo nimelishona kwa uzi mwekundu. "Amana yangu hii, Mzee." Akaipokea kwa mikono miwili.

Miezi ikapita, nikasikia sanduku limekuwa jepesi. Nikenda. "Mzee, nataka nilione fundo langu."

Akanitolea kitambaa kitupu, uzi umekatwa. "Fedha iko kazini, mwanangu. Ngoja karafuu zichumwe zikauke, utaipata."

Kazini! Fedha ina miguu? Yale ya kukopeshana niliyasikia, lakini niliyaacha huko huko Ulaya. Amana niijuayo mie hurudi vile vile ilivyokwenda. Sikuuliza iko kazini kwa nani. Mbio mpaka kisimani, nikapaza sauti mbele ya wanawake: "Mzee Hamadi kala amana!" Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa mlangoni pake, kila mtu ataka chake.

Kumbe fedha alikopeshwa Bi Mize, jirani yangu mjane, akomboe shamba aliloliweka rehani kwa mwenye duka. Sasa akadaiwa zote kwa siku moja. Atazitoa wapi, na karafuu bado mbichi mtini? Akarudi kwa mwenye duka, akamwachia shamba kwa bei ya kutupa. Nami nikalipwa mpaka senti ya mwisho.

Mzee Hamadi aliniletea mwenyewe. "Neno amana ulilisema wewe, nami sikukusahihisha, hilo kosa langu. Lakini kuniuliza mie kulikushinda nini, ukaenda kukiuliza kisima?" Ijumaa ile hakuadhini.

Msimu uliofuata nikenda kuchuma karafuu kwa kibarua. Mti wa pili yuko Bi Mize, kibarua naye, katika shamba lililokuwa lake. Akanisalimu vizuri, akaniuliza hali ya mama. Salamu ile yaniuma mpaka leo.

Sikwambii usishuku, mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mabwana wenye masanduku hata sasa siwaamini. Lakini shuku mapema. Kabla hujatoa chako uliza: fedha hii itakaa, au itatoka? Itatoka kwa nani? Na shaka ikikuingia baadaye, mpelekee mwenyewe, umwambie machoni, usiipeleke kisimani. Maji yakimwagika hayazoleki. Mie nilimwaga ya mwenzangu.

Mungu akupe jicho kali na ulimi mzito, na asipatikane jirani wa kulia kwa neno lako. Amin.