Kaya Moja, Milango Mitatu

“Sasa kaya inaingiaje ndani ya nyumba?”

Bibi Mbeleje aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza kazini, katika kijiji kimoja upande wa Mlali. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, nikiwa na sifa ya kumchosha kila mhadhiri kwa maswali. Hili lake nililiona ni swali la mtu asiyejua Kiswahili vizuri. Nikatabasamu, nikaendelea kujaza fomu.

Kazi yenyewe ilikuwa ukarani wa kuorodhesha makazi. Naieleza kwa sababu wanaokuja nyuma yangu wanadhani ni kutembea na kishikwambi tu. Asubuhi unaripoti kwa mtendaji wa kijiji, naye anakupa mjumbe wa kukuongoza. Ukifikia jengo, unaliandika kuwa nyumba. Ndani ya nyumba unahesabu kaya, yaani watu wanaokula pamoja chini ya mkuu mmoja. Nyumba moja inaweza kuwa na kaya tano, kama kwetu Majengo, mjini Dodoma, tulikopanga vyumba viwili na kila mpangaji ana jiko lake koridoni. Kwangu mpangilio huo haukuhitaji maelezo.

Mratibu aliyetufundisha, mwanamume mrefu aliyevaa koti hata saa saba mchana, nilimuuliza nani aliamua maana ya kaya. Alifunga daftari lake.

“Binti, umeajiriwa kuuliza maswali yaliyoandikwa. Hayo mengine kamuulize mumeo.”

Ukumbi mzima ulicheka. Nilinuna mpaka jioni, lakini nilipoingia kijijini nilifanya vilevile alivyosema.

Kwa Bibi Mbeleje palikuwa na tembe, moja ya chache zilizobaki: jengo refu la udongo lenye paa bapa, limejikunja kulizunguka zizi. Waliishi humo wajane watatu wa mume mmoja, na bibi ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

“Mbukwa,” mjumbe alisalimia kwa Kigogo. Mimi nikatoa shikamoo.

“Marahaba, mjukuu wangu. Kaa.”

“Bibi, hapa mna kaya ngapi?”

“Moja.”

“Na nyumba?”

“Tatu.”

Nikatazama huku na huku. “Mbona nyumba naiona moja?”

Mama Yohana, mjane mdogo kuliko wote, alikuwa akipepeta uwele mlangoni kwake. Aliangua kicheko. “Huyu kasoma mpaka kuhesabu milango kunamshinda!”

“Kaya ndiyo inakuwa ndani ya nyumba, bibi,” nilieleza polepole, kana kwamba nazungumza na mtoto. “Siyo nyumba ndani ya kaya.”

Hapo ndipo aliponiuliza swali lake. Nikaandika nyumba moja, kaya moja. Nikagongomea kibao cha namba kwenye mlango wa kwanza, tukaondoka.

Mwaka uliofuata nilipata mkataba mwingine, wa miezi miwili, chini ya afisa kilimo wa kata, mama mmoja mkali aliyeendesha pikipiki mwenyewe. Mvua za kwanza zilikuwa zimeotesha mtama, kisha jua likaukausha wote. Watu walitakiwa kupanda upya na maghala hayakuwa na mbegu. Ikaletwa mbegu, mfuko mmoja kwa kila kaya. Orodha iliyotumika ni ile yangu.

Wajane watatu walikuja mezani kwangu na ndoo tatu. Nikawapa mfuko mmoja.

“Na wangu?” Mama Yohana aliuliza.

“Mmeandikwa kaya moja, mama.”

“Kila nyumba ina shamba lake na ghala lake. Hujui?”

Sikujua. Nimezaliwa Dodoma, nimekulia Dodoma, na sikujua. Mjumbe alinieleza palepale, kwa upole, kama anayemwonesha mgeni njia ya kwenda dukani. Kwa Kigogo, kaya ni boma zima. Nyumba ni kila mke, na mlango wake, watoto wake na shamba lake. Maneno yalikuwa yaleyale ya fomu yangu, yamegeuzwa tu: kubwa kwao lilikuwa dogo kwangu.

Nilimkimbilia afisa kilimo. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

“Fomu ya marekebisho ipo,” alisema. “Waandike kaya tatu, mkubwa wao atie dole gumba. Fanya haraka, gari la mbegu linaondoka saa kumi.”

Nilirudi mbio, nimefurahi. Nikamsomea Bibi Mbeleje. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kaya tatu?”

“Ndiyo, bibi. Na mifuko mitatu.”

“Mume wetu alituacha tukiwa kaya moja. Nitie dole kwamba tumevunjika? Tumegombana lini?”

“Ni karatasi tu, bibi.”

“Kama ni karatasi tu, basi andika ya kweli.”

“Dada, weka dole,” Mama Yohana alimsihi, sauti imemshuka. “Wanangu watakula nini?”

Bibi alificha dole gumba ndani ya ngumi, akajitwika mfuko ule mmoja, akaondoka. Wenzake wakamfuata na ndoo zao. Kidau cha wino kilikuwa mbele yangu. Ningeweza kuweka dole langu mwenyewe na hakuna ambaye angejua. Sikuweka, na mpaka leo sijui kama ulikuwa uaminifu au woga.

Mkataba ulipokwisha nikastaafu ukarani, nikiwa na miaka ishirini na sita. Marafiki hunicheka kwa neno hilo, ila sina jingine. Siku hizi nauza nafaka na mama yangu sokoni Majengo. Mara nyingi nimejaribu kuiandika upya fomu ile kichwani, na kila neno ninaloweka linamwacha mtu fulani nje. Nilihoji maneno ya walimu wangu wote. Yale niliyotoka nayo nyumbani sikuwahi kuyahoji, kwa sababu sikuyaona kama maneno.

Msimu huu mjumbe yule alileta mtama wake sokoni. Tulipokuwa tukipakua magunia, nikamuuliza wale wajane waliugawaje mfuko mmoja kwa mashamba matatu. Alishangaa kwamba nilikuwa bado sijasikia. Uligawanywa mara mbili tu, akasema. Shamba la Bibi Mbeleje mwaka ule halikupandwa kitu.